Kosa la Jana Si Ushahidi wa Leo

Tangu Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama na Uchukuzi, NTSA, itoe rasimu ya kanuni mpya za ulevi barabarani mwaka 2025, hapa Malindi kumeenea imani moja inayonitia wasiwasi. Nimeisikia kwenye stendi ya tuktuk, nimeisikia barazani baada ya Isha, nimeisikia hata kwa watu waliosoma. Wanasema sasa mambo yamekwisha: ukipuliza na mashine ya kupima pombe ikatoa namba, wewe ni wa jela, na kama uliwahi kushikwa kwa kosa hilohilo miaka ya nyuma, usijisumbue kutafuta wakili, nenda ukakubali yaishe. Wengine wanalisema kwa furaha, kwa kuwa wamezika watu waliogongwa na walevi. Wengine wanalisema kwa huzuni, kwa kuwa aliyeshikwa ni mtoto wao. Wote wamekosea, na kosa lao ni moja. Nashikilia kwamba anayeshtakiwa kwa ulevi barabarani mara ya pili anahitaji utetezi wa kweli kuliko anayeshtakiwa mara ya kwanza, na kwamba utetezi huo ukifanywa kwa uaminifu unamlinda hata yule anayetembea kwa miguu usiku kando ya barabara ya kwenda Lamu.

Sisemi haya kwa kuwaonea walevi huruma ya bure. Mjomba wangu, ndugu ya mama baba mmoja mama mmoja, aligongwa na pikapu upande wa Gongoni akitoka shamba, akakata roho kabla ya kufikishwa hospitali. Dereva alishuka akinuka pombe ya mnazi, na waliokuwapo wote walilisema hilo. Tena haikuwa mara yake ya kwanza. Alikuwa ameshatiwa hatiani kwa ulevi barabarani kabla ya hapo. Kesi ilianguka. Usiku ule hakuna aliyemtoa damu. Askari aliyefika kwanza hakuandika jinsi dereva alivyosimama, alivyosema wala alivyotembea. Mashahidi walipoulizwa na wakili wa dereva walichoweza kusema ni kwamba huyo ni mlevi, kila mtu anamjua. Kwa miaka mingi nyumbani kwetu jina la wakili yule halikutajwa bila laana, na mimi nililaani pamoja na wenzangu. Ilinichukua muda kukubali kwamba wakili hakuficha kitu. Damu ambayo ingemtia mtu yule hatiani haikuwahi kuchukuliwa, na haikuchukuliwa kwa sababu kila mtu, raia na askari, aliona sifa yake mbaya inatosha.

Tuanze na sheria yenyewe, maana hapa ndipo wengi wanapopotea. Kifungu cha 44 cha Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, hakisemi kwamba ni kosa kunywa kisha kuendesha. Kinasema ni kosa kuendesha, kujaribu kuendesha, au kuwa msimamizi wa gari barabarani au mahali pa umma, hali umezidiwa na kileo au dawa ya kulevya kiasi cha kushindwa kulimudu gari sawasawa. Adhabu yake inafika faini ya shilingi 100,000 au kifungo cha miaka miwili, au vyote viwili, na juu ya hapo leseni hufungiwa miezi 12, na hakimu anaweza kuongeza. Maneno hayo ya kushindwa kulimudu gari ndiyo moyo wa shtaka. Mwaka 2011 zikaja kanuni za kupima pumzi, zikaweka kiwango: mikrogramu 35 za alkoholi katika mililita 100 za pumzi, au miligramu 80 katika mililita 100 za damu. Mwishoni mwa 2013 kifaa cha Alcoblow kikaingia barabarani, na wengi wetu tunakumbuka misururu ya magari ya usiku. Halafu mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa ikaamua kwamba kanuni zile zimekwenda kinyume na sheria mama. Bunge liliandika kosa la kushindwa kulimudu gari, na kanuni zikatunga kosa jingine, la kupita namba.

Uamuzi ule ulipokelewa vibaya pande zote. Wanywaji waliuchukua kama ruhusa, na waliochoka na ajali wakauchukua kama usaliti. Haukuwa lolote kati ya hayo. Majaji hawakusema mashine haina maana. Walisema waziri hawezi kwa kanuni kuongeza kosa ambalo Bunge halikuliweka katika sheria. Namba ya mashine inabaki kuwa ushahidi, kama harufu ya pombe ilivyo ushahidi na kama gari kuyumba kulivyo ushahidi. Kinachotakiwa ni ushahidi huo wote, ukiunganishwa, uthibitishe kwamba mtu huyu, saa hii, mahali hapa, hakuweza kulimudu gari. Kwa hiyo anayesoma rasimu ya 2025 aisome akikumbuka 2017. Maadamu kifungu cha 44 kina maneno yale, kanuni inaweza kupanga namna ya kupima, nani apime na kumbukumbu ziwekwe vipi, lakini haiwezi peke yake kuigeuza namba kuwa hatia. Anayetaka namba iwe kosa aende Bungeni, sheria yenyewe ibadilishwe waziwazi. Siyapingi mabadiliko hayo. Ninachokataa ni kuwaambia watu kwamba yameshafanyika.

Kabla sijaenda mbali, kuna jambo la upande wa pili ambalo madereva hawalipendi. Sheria inamgusa pia msimamizi wa gari, hata kama haliendi. Dereva wa tuktuk aliyelala kwenye kiti chake nje ya mangwe, yaani kilabu cha mnazi, funguo ikiwa mfukoni, hawezi kudhani yuko salama kwa kuwa magurudumu hayakuzunguka. Anaweza kujitetea, akaeleza kwamba alikuwa akimsubiri mwenzake aje kuendesha au kwamba alikuwa ameamua kulala hapo hadi asubuhi, lakini maelezo hayo yanahitaji mashahidi. Na wale wanaosema walikunywa mnazi mtamu tu wajue kwamba mnazi huanza kuchacha tangu unapodondoka kwenye kibuyu juu ya mti. Uliogemwa alfajiri si ule unaonywewa alasiri. Mgema yeyote wa Ganda atakwambia.

Sasa nije kwenye kiini, yaani hukumu ya zamani. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Ushahidi, Sura ya 80, kinakataza katika kesi ya jinai kuleta habari kwamba mshtakiwa aliwahi kutenda au kutiwa hatiani kwa kosa jingine, au kwamba ni mtu wa tabia mbaya, isipokuwa katika hali chache zilizotajwa. Ina maana hakimu anayesikiliza kesi ya leo hatakiwi kusikia kuhusu ile ya miaka mitatu iliyopita mpaka aamue kama hii ya leo imethibitishwa. Baada ya kutiwa hatiani ndipo upande wa mashtaka unaposimama na kueleza rekodi, na mshtakiwa akiikana, rekodi hiyo lazima ithibitishwe kwa njia ambazo Sheria ya Utaratibu wa Kesi za Jinai imeziweka. Haitoshi askari kusema anamkumbuka sura. Lakini kinga hii ina mlango, na mshtakiwa mwenyewe ndiye anayeufungua mara nyingi. Akisimama kizimbani akaapa kwamba yeye ni mtu safi, hajawahi kuonja pombe, hajawahi kuwa na kesi, amejitolea ushahidi wa tabia njema, na hapo sheria inaruhusu ya zamani yaletwe. Nimeona wazee wakimshauri kijana wao aseme hivyohivyo ili hakimu amhurumie. Ni ushauri wa upendo, na unaweza kumfunga.

Kwa nini sheria ikaweka ukuta huu? Watu wanadhani ni huruma kwa wahalifu. Mimi naona ni sababu ya kiakili kabla ya kuwa ya huruma. Rekodi ya zamani ina nguvu kubwa mno katika kichwa cha binadamu. Ukishaambiwa mtu huyu alishikwa mwaka juzi, kila kitu kingine kinajipanga nyuma ya habari hiyo: macho mekundu, ambayo yangeweza kuwa ya usingizi au ya vumbi la Sala Gate, yanakuwa ya pombe, kusitasita kujibu kunakuwa ulevi, mkono kutetemeka kunakuwa ulevi. Ushahidi dhaifu unaonekana mzito kwa sababu umeegemea kitu ambacho hakikutokea usiku huo. Na madhara hayaishii kwa mshtakiwa. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji: askari akishajua kwamba neno lake halitaulizwa maadamu mtu ana historia, hataona haja ya kuandika, ya kupima vizuri wala ya kuita daktari. Kisha siku atakapokutana na wakili anayeijua kazi yake, mlevi wa kweli ataondoka huru. Hivyo ndivyo ilivyotokea kwetu.

Jambo ambalo naliona linaumiza watu wengi kuliko lote, na halizungumzwi, ni lile neno la nakubali. Mtu anashikwa Ijumaa usiku kwenye barabara ya Mombasa, karibu na Gede. Katiba, Ibara ya 49, inataka afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, lakini muda huo ukiishia nje ya saa za kazi za mahakama, mwisho wake ni siku ya mahakama inayofuata. Asipopata dhamana ya polisi atalala mahabusu Ijumaa, Jumamosi na Jumapili. Jumatatu asubuhi ametoka jasho siku tatu, gari si lake, mwenye tuktuk anataka hesabu, mkewe yuko nje na mtoto mgongoni. Anasomewa shtaka kwa dakika mbili na moyo wake unataka kitu kimoja tu, kutoka. Anasema ni kweli. Akishasema hivyo, kifungu cha 348 cha Sheria ya Utaratibu wa Kesi za Jinai kinamfungia rufaa dhidi ya hatia. Kinachobaki ni kulalamikia ukubwa au uhalali wa adhabu. Aliyekubali mara ya kwanza ili yaishe anagundua mara ya pili kwamba hayakuisha. Yale maneno mawili ya Jumatatu ile yamekuwa rekodi, na sasa ndiyo yanayomfanya aitwe sugu.

Mahakama zetu zina kanuni nzuri juu ya hili tangu kesi ya Adan dhidi ya Jamhuri ya mwaka 1973. Shtaka lisomwe na kuelezwa kwa lugha anayoielewa mshtakiwa, majibu yake yaandikwe kama alivyosema, mambo yaliyotokea yasomwe, naye apewe nafasi ya kuyapinga au kuyaeleza kabla hajatiwa hatiani. Ibara ya 50 ya Katiba inampa mkalimani bila malipo. Katika Kilifi na Lamu hili si jambo la pembeni. Mzee wa Kigiriama kutoka Marafa, au Mpokomo aliyekuja kutafuta kazi Mokowe, anaelewa Kiswahili cha sokoni vizuri kabisa na bado asielewe tofauti kati ya kukubali kwamba alikunywa na kukubali kwamba alishindwa kulimudu gari. Akisema ni kweli nilikunywa chupa moja lakini gari lilikuwa linakwenda sawa, hajakubali shtaka. Hakimu makini ataandika kwamba amekana. Wakili, hata kama hatafanya kingine chochote, akimwambia mteja wake asiharakishe kujibu kabla ya kusomewa na kuelewa, na aombe nakala ya maelezo ya mashahidi ambayo Katiba inampa haki ya kuyajua mapema, amefanya kazi kubwa.

Halafu kuna ushahidi wenyewe, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo kesi zinaposhinda au kushindwa kwa haki. Kifaa cha pumzi hupima alkoholi inayotoka mapafuni, na kutokana nayo hukadiria iliyomo kwenye damu. Mtu aliyetoka kunywa sasa hivi, au aliyecheua, ana alkoholi iliyobaki mdomoni, nayo inaweza kuipandisha namba bila kuwa na uhusiano na kilichomo kwenye damu. Ndiyo sababu desturi nzuri ya upimaji ni kusubiri kama dakika 15 mtu akiangaliwa, bila kunywa wala kula, ndipo apulize, na ikiwezekana apulize mara mbili. Mrija uwe mpya, kifaa kiwe kimekaguliwa usahihi wake kwa wakati, na aliyekitumia awe amefunzwa. Wakili anayeuliza maswali haya anauliza kile ambacho fundi wa mizani sokoni huulizwa kila mwaka, na hakuna anayemwona muuza samaki kuwa mwizi kwa kutaka mizani ikaguliwe.

Damu ni ushahidi wenye nguvu zaidi, lakini pia ni rahisi kuharibika. Ngozi ikisafishwa kwa spiriti kabla ya sindano, swali limeshazaliwa. Damu ikiwekwa kwenye chupa isiyo na dawa ya kuihifadhi, vijidudu vinaweza kutengeneza alkoholi ndani ya chupa, hasa kwenye joto letu. Maabara ya Mkemia wa Serikali iliyo karibu nasi iko Mombasa, kilomita zipatazo 120 kutoka Malindi. Ni nani aliyeishika chupa ile njiani, ililala wapi, ilifika na lakiri yake? Na saa ni kitu kikubwa kuliko vyote. Mwili wa mtu wa kawaida huondoa takriban miligramu 15 za alkoholi katika kila mililita 100 za damu kwa saa moja, wengine polepole, wengine haraka. Dereva aliyekuwa na miligramu 120 saa tano za usiku, yaani mara moja na nusu ya kiwango cha 2011, atakuwa amekaribia sifuri saa moja asubuhi. Akipimwa asubuhi hiyo kwa kuwa hapakuwa na wa kumtoa damu usiku, karatasi itasema hana pombe, na atatoka akitabasamu. Wanaodhani kwamba uzembe wa ushahidi unamwonea mlevi peke yake wapige hesabu hiyo tena. Saa zinazopotea kwenye sakafu ya kituo ni zawadi kwa mwenye hatia.

Wenye maoni tofauti na yangu wana hoja, na ile yenye uzito naiheshimu. Mwaka 2024 barabara za Kenya ziliua watu 4,748 kwa hesabu ya NTSA. Wanasema mtu aliyeshatozwa faini, akafungiwa leseni, kisha akarudi kunywa na kuendesha, ameonyesha kwamba onyo halimwingii, na kwamba maisha ya mtoto wa shule wa Mambrui yana thamani kuliko haki za kiufundi za mtu mzima aliyejua anachofanya. Sina jibu la kuifuta hoja hii na sitaki kuifuta. Naikubali pale inapostahili, kwenye adhabu. Mtu akishathibitishwa kwamba amerudia, hakimu ana haki ya kumwadhibu kwa uzito zaidi, kumfungia leseni muda mrefu zaidi, na kuwalinda wengine dhidi yake. Ninapotofautiana nao ni pale wanapotaka uzito wa adhabu uvushwe mto na kuwa uthibitisho wa kosa.

Lakini kuna hoja nyingine isiyosimama kabisa, nayo ndiyo inayosikika zaidi: kwamba walevi wakitetewa, barabara zitajaa walevi. Anayesema hivi anadhani dereva aliyeko mangwe saa nne za usiku anapiga hesabu ya uwezekano wa kuachiliwa na hakimu miezi minane baadaye. Hapigi. Kinachomzuia dereva ni kuona askari wamesimama leo, na kujua kwamba akisimamishwa hataweza kupita kwa noti ya shilingi mia tano. Nchi ambazo zimepunguza vifo vya aina hii zimefanya hivyo kwa kupima watu wengi, mara kwa mara, waziwazi, na kesi zao mahakamani zinatetewa na mawakili wakali. Utetezi haujawahi kuwa kizuizi. Rushwa ndiyo kizuizi, na dawa ya rushwa ni kumbukumbu iliyoandikwa: saa, namba ya kifaa, jina la aliyepima, sahihi ya aliyepimwa. Kumbukumbu hiyohiyo ambayo wakili wa utetezi anaitafuta ndiyo inayomzuia askari kumwachilia mtu kando ya barabara.

Nisiwe upande mmoja. Kuna utetezi usiostahili jina hilo, na katika kesi za kurudia ndio unaouzwa zaidi. Kuna kuahirisha kesi mpaka askari aliyeshika ahamishwe Turkana na shahidi achoke kulipa nauli kutoka Marereni. Kuna dawa ya kikohozi, ambayo kila mshtakiwa aliinywa usiku huohuo. Kuna kumpelekea mtu kitu ili faili ipotee. Anayelipia hayo hajajitetea. Amenunua muda, au amejiongezea kosa la pili lililo zito kuliko la kwanza. Na kwa mrudiaji hasara ni kubwa zaidi, kwa sababu tatizo lililomfikisha kizimbani mara mbili linabaki naye nyumbani, na mara ya tatu huenda kukawa na maiti barabarani.

Hapa ndipo ningependa mawakili wa Malindi na Lamu waitazame kazi yao kwa upana. Ikiwa ushahidi ni dhaifu, waupige bila haya. Ikiwa ni imara, na mteja anajua alikuwa amelewa, utetezi bora unahamia kwenye adhabu, na unaanza kabla ya hukumu. Sheria inaruhusu kifungo cha nje chini ya afisa wa probesheni, na tangu 1998 tuna sheria ya kazi za huduma kwa jamii. Hakimu akiletewa ripoti ya afisa wa probesheni, barua ya daktari kwamba mshtakiwa ameshaanza matibabu ya ulevi, na mpango wa namna atakavyopata riziki bila kushika usukani, ana kitu cha kukifanyia kazi. Asipoletewa, ana faini na jela tu. Faini inalipwa na mkewe kwa kuuza mbuzi, na jela ikimalizika mtu anarudi kwenye mangwe ileile. Kwa dereva wa tuktuk, kufungiwa leseni miezi 12 ni njaa ya familia nzima, na mwenye njaa ataendesha bila leseni. Mahakama isiyolifikiria hilo inatengeneza kosa la tatu kwa mikono yake.

Na mji wetu hauna kisingizio cha kutokulijua jambo hili. Malindi iliteseka kwa heroini miaka mingi, vijana wetu wakafa kwenye magofu na ufukweni, mpaka tukajifunza kwa uchungu kwamba uraibu ni ugonjwa wenye tiba. Tangu 2015 hospitali ya Malindi ina kliniki ya methadoni, dawa ya kunywa wanayopewa waraibu wa heroini, na wapo akina baba leo wanaofanya kazi na kulea watoto kwa sababu ya kikombe kile cha kila asubuhi. Tulikubali kumtibu mwenye sindano. Mwenye chupa bado tunamwona mtu wa kukomeshwa tu, ingawa amesimama mbele ya hakimu kwa mara ya pili na kosa lilelile, jambo ambalo peke yake lingetosha kumfanya mtu yeyote aulize kama huyu ni mkaidi au ni mgonjwa. Anaweza kuwa vyote viwili. Adhabu ishughulike na ukaidi, na ugonjwa upelekwe kwa daktari, kwa amri ya mahakama ikibidi.

Wakili ni ghali, najua. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 ipo, na Katiba inasema serikali imtafutie wakili yule ambaye angepata dhuluma kubwa bila wakili, ila mshtakiwa wa trafiki asikae akisubiri hilo limfikie lenyewe. Aulize siku ya kwanza, aulize kwa sauti. Asiyepata kabisa ajue haya machache: asikubali jambo asilolielewa, aombe mkalimani, aombe maelezo ya mashahidi, asijisifie tabia asiyokuwa nayo, na asisahau kwamba siku za kukata rufaa ni 14.

Kwa waandishi wa kanuni, ombi langu ni dogo kuliko namba wanayobishania. Wanaweza kuweka kiwango chochote, sifuri au themanini, na bado mjomba wangu asingepata haki, kwa sababu usiku ule hapakuwa na askari aliyelazimika kuandika saa, wala hapakuwa na zahanati kati ya Gongoni na Malindi iliyokuwa na chupa yenye dawa na muuguzi aliyejua kwamba ni wajibu wake kumtoa damu dereva kabla ya mapambazuko. Kanuni ziseme sampuli ichukuliwe ndani ya saa ngapi, katika vituo gani vya afya, saa zote za usiku, nani aipeleke Mombasa na kwa gharama ya nani. Zitaje Lamu kwa jina, ambako mgonjwa wa Mpeketoni huenda akavushwa bahari ili afike hospitali kubwa, na ambako kila saa inayoishia njiani ni miligramu 15 zinazopotea.

Mama yangu bado anaweka nakala ya hati ile ya mashtaka ndani ya kasha lake, pamoja na vitambulisho vya marehemu. Nilipomsomea kwa mara ya kwanza kile alichoandika hakimu, kwamba hapakuwa na ushahidi wa hali ya dereva wakati wa ajali, aliniuliza kama hakimu hakumwona dereva yule alivyokuwa akiyumba. Nikamwambia hakimu hakuwepo, na waliokuwepo hawakuandika.